Alikuwa Anafanya Nini Alipoanguka?

Maneno kuhusu watoto wanaoanguka ghafla na kuzimia, niliyoyasema Ujiji, Kigoma, mbele ya walimu wa michezo wa shule za msingi, wazazi na wavuvi, wiki chache kabla ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.

Walimu wangu, wazazi wangu, kaka zangu mlioacha nyavu Kibirizi na Katonga mkaja kunisikiliza, na ninyi wanangu mliobanana pale kwenye kivuli cha mwembe: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Wazee, shikamooni.

Nimeitwa hapa kama daktari wa watoto, na mwalimu aliyenikaribisha amevitaja vyeti vyangu vyote. Namshukuru. Lakini kabla ya udaktari mimi ni mtoto wa Katonga, na jambo nililokuja kulisema lilianza nikiwa na miaka minane, hata sijui moyo uko upande gani wa kifua.

Kaka yangu alikuwa na miaka 13. Wenzake walimwita Mgebuka, yule samaki wa ziwa letu, kwa jinsi alivyopita majini. Jumamosi moja, saa nane mchana, ziwa limetulia, alikuwa anashindana na wenzake wanne kuogelea kutoka ukingoni hadi kwenye mtumbwi uliotiwa nanga. Alikuwa anaongoza. Wenzake walisimulia kwamba mkono wa kulia ulipanda ukashuka, wa kushoto ukapanda ukashuka, kisha ule wa kulia haukupanda tena. Basi. Hapakuwa na kelele wala kutapatapa. Walichelewa kumtoa, maana Tanganyika, mnalijua wenyewe, linaanza kuwa kilindi hatua chache tu kutoka mchangani.

Msiba ule ulipewa sababu nyingi. Wapo waliosema jini wa maji. Wapo waliosema ni husuda, kwa kuwa alikuwa akiongoza darasani. Na wapo waliomtazama mama yangu kwa jicho la pembeni kwa sababu alimlisha ugali muda mfupi kabla hajaenda ziwani. Mama alikibeba kile chakula moyoni mwake hadi uzeeni. Katika watu wote waliokaa matangani, sikumbuki hata mmoja aliyeuliza: huyu mtoto aliwahi kuanguka kabla ya leo? Maana aliwahi. Mwaka mmoja nyuma, kwenye mbio za kupokezana vijiti, alidondoka kifudifudi kijiti kikiwa mkononi. Baada ya kama dakika moja akaamka, akapanguswa vumbi, ikasemwa ni njaa. Simlaumu mwalimu aliyesema hivyo. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kitu kingine. Ndiyo maana leo nimeomba walimu wakae mbele.

Miaka ikapita. Nikasoma, nikawa daktari. Dada yangu akaolewa Mwanga, akapata binti. Binti yule alipofikisha miaka tisa akaanguka uwanjani akiwa anacheza rede. Mikono ikatetemeka, macho yakageuka, akajikojolea. Alipopelekwa hospitali, jibu likawa kifafa, akaanzishiwa dawa. Dada akanipigia simu kuniuliza mimi, mdogo wake, daktari. Nikamwambia, dada, mpe dawa, atapona. Nataka mlisikie hili kutoka kinywani mwangu: nami nilikosea. Miaka miwili mpwa wangu alimeza dawa za ugonjwa ambao hakuwa nao, zikawa zinamfanya asinzie darasani, na bado alikuwa anaanguka. Mara ya pili alikuwa anakimbizwa na mbwa. Mara ya tatu alikuwa anapanda mlima akiwahi shule, kachelewa, anaogopa viboko.

Usiku mmoja nikiwa zamu nilikaa nikaziorodhesha siku hizo tatu kwenye karatasi, kwa sababu tu dada alikuwa amezitaja kwa mfuatano. Rede. Mbwa. Mlima na hofu. Nikajiuliza: kifafa gani hiki kinachosubiri mtoto akimbie? Mbona haanguki akiwa amelala? Mbona haanguki akila, au akiwa amekaa anaandika? Nikamkumbuka Mgebuka. Nikaweka kalamu chini.

Swali langu la leo ndilo hilo. Mtoto akianguka, msiulize kwanza nani kamwangalia vibaya, wala alikula nini. Ulizeni: alikuwa anafanya nini alipoanguka?

Tulimpima moyo. ECG, ile ya kubandikwa waya kifuani, ikatoka safi. Kipimo cha picha ya moyo nacho kikatoka safi: kuta nzuri, milango mizuri. Tungeishia hapo tungerudi nyumbani tukishukuru. Lakini alipopelekwa Dar es Salaam alipandishwa kwenye mashine ya kukimbilia, waya zikiwa kifuani na mashine ya kushtua moyo ikiwa kando ya daktari. Mapigo yalipopita 120 hivi kwa dakika, pigo moja likachomoza pasipo mahali pake. Halafu mawili. Halafu yakaanza kubadilishana kwenye karatasi, moja linaelekea juu, linalofuata linaelekea chini, juu, chini. Mashine ikasimamishwa. Mtoto akakaa, akanywa maji, na dakika chache baadaye moyo ulikuwa msafi kama asubuhi.

Ugonjwa huo hauna jina la Kiswahili. Madaktari wanauita kwa herufi nne, CPVT. Madaktari wa Paris, Philippe Coumel na wenzake, waliueleza kwa watoto katika miaka ya 1970, na jeni yake kuu, yaani kinasaba kinachouleta, ikagunduliwa mwaka 2001. Mara nyingi huanza kujionyesha kati ya miaka 7 na 12, umri uleule wa watoto mnaowapeleka mashindanoni.

Wavuvi wataelewa haraka kuliko wanafunzi wangu. Mtumbwi ambao kalafati yake, ile pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao, imelegea, ukiukuta umeegeshwa mchangani utausifu. Mbao nzima, rangi nzuri. Utazunguka mara tatu usione kasoro. Ushushe majini, upakie watu, upepo uanze, ndipo maji yanapoingia. Moyo wa namna hii uko hivyohivyo. Ndani ya kila chembe ya msuli wa moyo mna ghala dogo la kalsiamu, na ghala hilo lina mlango. Kila pigo, mlango hufunguka, kalsiamu hutoka, msuli hukaza. Kisha mlango hufungwa. Tukikimbia, tukiogopa, tukikasirika, adrenalini huingia kwenye damu na kuamuru ghala lijae zaidi na mlango ufunguke kwa kasi zaidi. Aliyezaliwa na mlango mbovu hana shida akiwa amekaa. Adrenalini ikipanda, kalsiamu huvuja kabla ya wakati, na kila mvujo unaweza kuzua pigo lisilotakiwa. Mapigo hayo yakifuatana, moyo haupigi tena, unatetemeka tu kama jeli. Damu haifiki kichwani. Mtoto anaanguka. Akibahatika, moyo unajirudi wenyewe, naye anaamka kama aliyeamshwa usingizini. Asipobahatika, mnajua.

Na akiwa ndani ya maji, hata ile bahati ya kujirudi haimsaidii.

Upo ugonjwa mwingine, ndugu yake huyu, nao una watu wengi zaidi. Kila baada ya kupiga, moyo huhitaji kujichaji umeme wake kabla ya pigo lijalo. Kwa baadhi ya watu kule kujichaji huchukua muda mrefu kupita kiasi. Kwenye karatasi ya ECG sehemu hiyo inaitwa QT, na ugonjwa unaitwa QT ndefu. Makadirio ya Ulaya ni mtu 1 kati ya 2,000 hivi. Ule wa mpwa wangu ni 1 kati ya 10,000. Kwenye sensa ya 2022 mkoa wetu ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2.4. Kama viwango vyetu vinakaribiana na vyao, tunao zaidi ya elfu moja wenye QT ndefu peke yake kati ya Kakonko na Kalya. Mimi niliowahi kuwaona wakijulikana kwa jina la ugonjwa wao hawajai kwenye benchi moja. Wengine wako wapi? Wengine wako salama bila kujua. Wengine wanameza dawa za kifafa. Wengine tumewazika tukasema maji yamewachukua.

QT ndefu ina sura kadhaa. Aina ya kwanza, iliyo ya kawaida kuliko zote, hushtuliwa na mazoezi, na kuogelea kuliko mazoezi yote. Aina ya pili hushtuliwa na sauti ya ghafla: kengele, simu, honi. Ya tatu humkuta mtu amelala. Kwa hiyo sisemi kwamba anayeanguka bila kukimbia hana ugonjwa wa moyo. Mtoto anayezimia kila kengele ya shule inapogongwa karibu naye, huyo pia mleteni.

Kuna kisa cha zamani ambacho kila nikikutana na walimu hukisimulia. Mwaka 1856 daktari mmoja wa Leipzig, Ujerumani, Friedrich Meissner, aliandika habari za msichana kiziwi aliyeitwa mbele ya shule ili akaripiwe kwa kosa dogo. Akaanguka palepale, akafa. Wazazi walipopelekewa habari hawakushangaa. Walisema watoto wao wengine wawili walikufa hivyohivyo, mmoja baada ya hofu kubwa, mwingine baada ya hasira. Miaka 101 ilipita. Mwaka 1957 madaktari wawili wa Norway, Jervell na Lange-Nielsen, wakaieleza familia yenye watoto sita, wanne kati yao wakiwa viziwi tangu kuzaliwa na wote wanne wakizimia. QT zao zilikuwa ndefu kupindukia. Njia ileile ya potasiamu inayouchaji moyo ndiyo inayotumika sikioni. Kwa hiyo, walimu mnaofundisha watoto viziwi: mtoto kiziwi tangu kuzaliwa anayezimia, hata mara moja, anahitaji ECG. Na walimu wote: mtoto anayezimia akikaripiwa au akiona fimbo, msiseme anadeka.

Vijana mnapenda mpira, nami naupenda. Tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, Ufaransa, Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka katikati ya uwanja hakuna aliyemgusa, nusu fainali dhidi ya Kolombia. Hakuamka. Uchunguzi ulikuta msuli wa moyo wake ulikuwa mnene kupita kawaida. Ule ni ugonjwa wa msuli zaidi kuliko wa umeme, lakini nao kwa sehemu kubwa ni wa kurithi, nao mara nyingi husubiri mbio. Kisha tarehe 17 Machi 2012, mjini London, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kongo, nchi ambayo milima yake tunaiona ng'ambo kukiwa hakuna ukungu, alianguka akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Walimbonyeza kifua, wakamshtua kwa umeme mara nyingi, hawakuacha. Yu hai hadi leo. Sikusema hivi ili mlinganishe uwanja wa Lake Tanganyika na wa London. Nimesema ili mjue kwamba kifua kikibonyezwa bila kuacha, hata aliyeonekana amekwenda anaweza kurudi. Hilo nitalirudia mwisho, kwa vitendo.

Sasa, si kila anayezimia ana moyo mbovu, na nisiwatie hofu mkaja wote hospitali ya Maweni kesho asubuhi. Mtoto aliyesimama mstarini juani, hajanywa chai, akaona giza, masikio yakavuma, jasho likamtoka, miguu ikalegea akashuka taratibu: huyo mara nyingi ni wa kawaida. Mlazeni, mnyanyueni miguu, mpeni maji akizinduka. Hata anayezimia dakika moja baada ya kumaliza mbio, akiwa amesimama amechoka, mara nyingi ni damu kushuka miguuni, ingawa huyo pia ningependa apimwe. Ninayemwogopa ni yule anayeanguka katikati ya mbio, mguu ukiwa hewani, bila kuona giza, bila kusema neno, anashuka kama gogo na kujichuna uso. Yule anayepotea akiogelea hali anajua kuogelea. Yule anayeanguka akishtuliwa.

Na kutetemeka kusiwadanganye kama kulivyonidanganya mimi. Ubongo ukikosa damu, mwili hutetemeka, hata mkojo hutoka. Tazameni anavyoamka. Aliyetoka kwenye kifafa mara nyingi huamka amechanganyikiwa, hajui yuko wapi, anataka kulala, na hali hiyo huchukua muda. Aliyeangushwa na moyo, moyo ukirudi, naye hurudi upesi. Uso umepauka, lakini anakujua jina. Mwalimu aliyekuwepo uwanjani anajua jambo ambalo daktari hatalijua kamwe asipoambiwa. Kwa hiyo muandikie. Kipande cha karatasi tu: alikuwa anafanya nini, alianguka vipi, alilala dakika ngapi, aliamka vipi. Mpe mzazi aende nacho hospitali. Na mzazi, ukiambiwa ECG ni safi, usiondoke bila kuuliza: je, mmempima moyo ukiwa unakimbia? Kwa QT ndefu ya aina ya kwanza, ushahidi wakati mwingine hutokea baada ya mbio, dakika ya nne hivi ya kupumzika, ndiyo maana daktari mzoefu hazivui waya mara mtoto anaposhuka kwenye mashine. Na penye uhaba wa mashine, daktari anaweza kumpandisha mtoto ngazi au kumkimbiza kwenye korido kisha akampima papo hapo. Lakini hilo lifanyike hospitali, na vifaa vya kuokoa vikiwa tayari. Tafadhali sana, mtu asiende kumkimbiza mwanawe nyumbani ili aone kama ataanguka.

Magonjwa haya kwa sehemu kubwa ni ya kurithi. Hapa ndipo nyumba nyingi hunyamaza, kwa sababu neno kurithi kwetu hufuatwa na neno ukoo gani. Katika familia nyingi zenye magonjwa haya, inatosha mzazi mmoja kuwa na jeni hiyo, na kila mtoto anayezaliwa ana nafasi 50 kwa 100 ya kuipata, wa kike sawa na wa kiume. Baba anaweza kuipitisha, mama anaweza kuipitisha, na mwenye kuipitisha anaweza kuwa hajawahi kuzimia maishani mwake. Zipo aina chache, kama ile ya watoto viziwi wa Norway, zinazohitaji jeni kutoka pande zote mbili. Hizo huonekana zaidi wazazi wanapokuwa wa damu moja. Ndoa za mabinamu sikuja kuzihukumu. Nasema tu kwamba penye ndoa hizo na mtoto aliyezimia, ni vizuri daktari ajue.

Baada ya mpwa wangu kupimwa, tulipimwa sote. Dada yangu, mama yake yule binti, ambaye hajaanguka hata siku moja, mapigo yake yakachomoza kwenye mashine. Kaka yetu mkubwa alikuwa safi. Mtoto wa mwisho wa dada, mvulana wa miaka sita ambaye hata hakuwa na dalili, anao. Nami nikapanda. Nilikuwa na miaka 35, nimeshakimbia kwenda basi mara elfu, nimeshakesha zamu, nimeshazaa. Mapigo yangu yalipofika 130 nilimwona daktari mwenzangu akiinamia karatasi, nikajua kabla hajasema.

Nilirudi Katonga kwa treni, zile kilomita zaidi ya 1,200, nikawaza njia nzima nitamwambiaje mama. Nilimkuta anachambua dagaa. Nikamwambia: mama, siyo ugali. Kaka alikuwa na moyo kama wangu. Alitoka nao tumboni, hukumfanya lolote. Mama alinitazama muda mrefu, akaniuliza kama na mimi nitakufa majini. Nikamwambia hapana, mama, maana mimi nina dawa, na ziwani siingii peke yangu.

Dawa yenyewe si ya ajabu. Propranolol, mnaiona maduka ya dawa, wengine mnawapa wazazi wenu wa presha. Ilitengenezwa miaka ya 1960 na timu ya James Black, Mskochi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Kazi yake ni kuuzuia moyo usiisikilize sana adrenalini. Zipo nyingine za aina yake, ipo flekainidi inayoongezwa kwa wenye CPVT, upo upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu ya upande wa kushoto inayouchochea moyo, na kipo kifaa kinachopandikizwa chini ya ngozi kiushtue moyo ukisimama. Hayo yote huamuliwa na wataalamu wa moyo, kwa mfano wale wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam. Kwa watoto wengi msingi ni kidonge, kila siku. Sio mpaka atakapojisikia vizuri. Kila siku, na asikiache ghafla, kwa sababu siku ya kukiacha ndiyo siku ya hatari. Kiishapo Ijumaa usisubiri mshahara wa Jumatatu. Azima pesa. Na mtoto mwenye pumu asipewe kidonge hiki kwa ushauri wa jirani. Daktari atatafuta njia nyingine.

Wenye QT ndefu wana jambo la ziada. Dawa fulani huirefusha zaidi: kwinini, klorokwini, erithromaisini, azithromaisini, na nyingine. Mtoto wa namna hii akiugua malaria atibiwe, tena haraka, kwa sababu malaria haina subira. Ila daktari aambiwe mapema ili achague dawa na amwangalie. Akiharisha na kutapika sana aletwe upesi, maana potasiamu ikishuka moyo wake huumia kuliko wa mwenzake.

Najua swali lililo midomoni mwa walimu: atacheza tena? Jibu langu halitawafurahisha wote. Mwenye CPVT, mashindano ya mbio na mpira wa kukamiana hapana, isipokuwa mtaalamu wa moyo amesema vinginevyo. Wenye QT ndefu waliotibiwa vizuri, wengi siku hizi huruhusiwa michezo baada ya kupimwa tena wakiwa kwenye dawa. Wote wawili, kuogelea bila mtu mzima aliye karibu kiasi cha kumshika mkono ni marufuku. Lakini msimweke mtoto benchi kama mgonjwa. Mpwa wangu alilia kuacha rede. Mwalimu wake, Mungu ambariki, akamkabidhi filimbi na daftari la magoli. Sasa ana miaka 17 na hajaanguka tangu alipoanza kidonge.

Kwenu wenye mialo. Wakiogelea watoto wenu, mmoja awe mlinzi nchi kavu, anayehesabu vichwa. Mwogeleaji hodari ndiye msimwondolee macho, kwa sababu hakuna anayemhofia.

Sasa nimalizie kwa mikono. Mtu akianguka, hajibu, hapumui au anakoroma kwa kuvuta pumzi mojamoja, msimnusishe kitunguu wala soksi. Msimtie kijiko mdomoni. Msimkimbize kwenye bodaboda kifua kikiwa kimya, maana kila dakika bila kubonyezwa inapunguza nafasi yake. Mlazeni chali mahali pagumu. Kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka. Bonyezeni sentimita tano hivi, kwa mtoto mdogo theluthi moja ya unene wa kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkiacha kifua kirudi juu kila mara. Aliyetolewa majini, mpeni kwanza pumzi tano mdomo kwa mdomo, ndipo mbonyeze. Wa ziwani amekosa hewa pia. Mmoja apige simu, mmoja atafute gari, anayebonyeza asiache mpaka achoke na mwenzake ashike.

Hapa mbele nimeweka viroba vinne, nimevijaza nguo za mtumba na mchanga kidogo, vina ugumu wa kifua cha kijana wa darasa la saba. Naomba walimu wawili, mvuvi mmoja na mama mmoja waje. Mama, wewe wa kitenge cha bluu, karibu, usiogope, vua tu viatu. Pigeni magoti. Watoto, ninyi mtatuhesabia kwa sauti, na msipunguze kasi hata mkiona wamechoka. Tuko tayari? Moja, mbili, tatu, nne.